MTOTO ASIYESHIBA SI MLAFI



Yuko mtoto anamaliza wali na kutaka tena. Usiku anaamka kutafuta ukoko chunguni. Asubuhi yuko kwa jirani anaomba muhogo. Watu husema, "Mlafi huyu, mwizi huyu!" Anapigwa, na bado hashibi. Huenda mtoto huyo ni mgonjwa.

Ugonjwa gani?

Unaitwa Prader-Willi. Madaktari wa Uswisi waliueleza mwaka 1956. Humpata mtoto 1 kati ya 10,000 hadi 30,000 hivi. Sababu yake ni kasoro katika chembe za urithi alizozaliwa nazo. Si uchawi, wala si kosa la wazazi. Kasoro hiyo huvuruga sehemu ya ubongo inayotuambia kuwa tumeshiba. Njaa yake ni ya kweli. Fimbo haiiondoi.

Dalili zake

Akiwa mchanga huwa mlegevu, hana nguvu ya kunyonya. Huchelewa kukaa na kutembea. Baada ya miaka 2 hivi huanza kunenepa, kisha njaa huzidi. Lakini si kila mtoto anayekula sana ana ugonjwa huu. Mpeleke kituo cha afya, uombe barua ya kumwona daktari wa watoto.

Kwa nini tupunguze wanga?

Misuli yake ni dhaifu. Mwili wake hutumia chakula kidogo kuliko watoto wenzake, na kinachozidi hugeuka mafuta. Unene huleta kisukari na maradhi ya moyo. Na sisi hapa Mgogoni chakula chetu kingi ni wanga: wali, muhogo, ndizi, mkate, na chai ya sukari juu yake.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, walitoa matokeo yao. Watoto waliopunguziwa chakula, na pia wanga, wakapewa protini na vyakula vyenye nyuzinyuzi kama mboga, walidhibiti uzito vizuri kuliko waliopunguziwa chakula tu.

Tufanye nini?

1. Mpakulie sahani yake mwenyewe, asile kwenye sinia. Nusu iwe mchicha, matembele au bamia. Robo iwe samaki. Robo iwe wali au muhogo. Tui la nazi liwe kidogo.

2. Mpe maji. Acha soda, halua na chai ya sukari.

3. Usimwondolee wanga wote, wala usimwache na njaa. Bado anakua. Daktari ndiye atakayesema kipimo.

4. Saa za kula zisibadilike. Mwambie mapema atakula nini na saa ngapi. Hilo humtuliza.

5. Funga jiko na kabati kwa kufuli. Si ukatili huo, ni kumlinda.

Hatari kubwa

Mtoto huyu anaweza kula hata chakula kilichooza. Anaweza kupaliwa. Akila kingi mno, tumbo linaweza hata kupasuka. Kwa kawaida hatapiki ovyo, na maumivu hayasikii sana. Basi akitapika, akivimba tumbo au akikataa chakula, usingoje. Mkimbize hospitali.

Jirani naye

Kufuli la mama halitoshi kama milango mingine iko wazi. Jirani husema, "Mpe kidogo tu, masikini!" Kidogo cha nyumba tano ni kingi. Kwenye arusi, hitima na futari za Ramadhani ndiyo zaidi. Mama amjibu kwa upole: "Ahsante dada, niwekee mie, nitampa saa yake ikifika." Mwalimu, mwenye duka na watoto wenzake waambiwe pia. Wasimcheke. Wamwite kucheza na kutembea, maana mazoezi humsaidia.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini kumpiga mtoto huyu hakusaidii?
2. Taja vyakula vitatu vya wanga ulivyokula jana.
3. Jirani afanye nini mtoto huyu akija kuomba chakula?