KINYONGA HANA SUMU



Somo letu leo ni juu ya nyoka na mijusi. Tumelichagua kwa sababu hapa Rungwe kinyonga akionekana kwenye kahawa au migomba, mara nyingi hupigwa fimbo mpaka afe. Wengine husema ana sumu. Wengine husema analeta mkosi. Hebu tumtazame vizuri.

Wataalamu wa wanyama huwaweka nyoka na mijusi katika ukoo mmoja. Wote wana magamba. Wote hujivua ngozi ya juu. Miili yao haijipashi joto kama yetu, ndiyo maana asubuhi ya baridi unawakuta wakiota jua.

Sasa tofauti. Tumezoea kusema mjusi ana miguu na nyoka hana. Mara nyingi ni kweli, lakini haitoshi. Hapa Tanzania wapo mijusi wasio na miguu kabisa, wanaoishi udongoni. Basi tazama kichwa. Nyoka hana kope, jicho lake halifumbi hata akilala. Tena hana tundu la sikio. Mijusi wengi wana vyote viwili. Tunasema wengi, maana yule mjusi wa nyumbani anayekamata wadudu karibu na taa hafumbi macho. Yeye huyasafisha kwa kuyalamba!

Kinyonga ni mjusi. Vidole vyake vimeungana mafungu mawili, hushika kijiti kama koleo. Kila jicho huzunguka peke yake: moja mbele, la pili nyuma. Ulimi wake huweza kufyatuka mbali kuliko urefu wa kiwiliwili chake, ukamnasa nzi. Kubadili rangi nako si uchawi. Ngozi hugeuka akikasirika, akisikia baridi au akimwona mwenzake. Akikuuma kidole utasikia kubanwa tu. Sumu hana.

Tena tunaye kinyonga wetu. Dume ana pembe tatu fupi. Mwaka 1900 wataalamu walimpa jina la daktari Mjerumani, Fülleborn. Hapatikani popote duniani ila katika milima hii ya kwetu, kama Rungwe na Poroto. Huku juu udongo ni wa baridi, mayai yangepata shida. Kumbe mama huyabeba tumboni, akiota jua, mpaka azae watoto walio hai. Msitu ukikatwa, hana pengine pa kwenda.

Nyoka ndio wa kuangaliwa, ingawa si wote wenye sumu. Kifutu, ambaye wengine humwita moma, ana sumu kali. Swila pia. Hata mlima wetu una nyoka wake mwenye sumu, anayekaa vichakani na kwenye miti midogo. Wataalamu walimwandika mwaka 1940 kwa jina la Rungwe.

Mtu akiumwa na nyoka, msimchanje, msinyonye jeraha, wala msifunge kamba ya kukaza. Mvueni upesi pete, bangili na viatu, kwa sababu mkono au mguu unaweza kuvimba. Asitembee. Kiungo kilichoumwa kitulizwe kwa kijiti na kitambaa, kama mfupa uliovunjika, halafu abebwe hospitali mara moja. Nyoka akikimbia msimfuate. Mwelezeni daktari rangi yake, ukubwa wake na saa aliyouma.