Somo la Mwezi: Kumpa Ndugu Figo



Tuseme nyumba moja huku kwetu imepata habari nzito. Baba ameambiwa kwamba figo zake zote mbili zimeshindwa kazi. Ndugu wanakusanyika kutoka Kongwa, Bahi na Manyoni. Baada ya sala macho yanamgeukia binti mmoja ambaye bado hajaolewa. Hakuna aliyetamka neno, lakini binti amekwisha kuelewa. Je, yampasa kutoa figo yake? Nani amemweleza faida na hatari zake? Inafaa tujifunze mambo haya kabla siku kama hiyo haijatufikia.

1. Kazi ya figo

Mtu mzima ana figo mbili, kila moja ukubwa wa ngumi. Kazi yake ni kuchuja uchafu katika damu na kuutoa kwa njia ya mkojo pamoja na maji yaliyozidi. Shinikizo la damu na kisukari ndiyo magonjwa yanayoziharibu figo za watu wengi. Zikishindwa kabisa, mgonjwa ana njia mbili za kuendelea kuishi. Ya kwanza ni kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kila juma, muda wa saa nne hivi kila mara. Ya pili ni kupandikizwa figo ya mtu mwingine.

2. Matibabu haya yalianzaje?

Tarehe 23 Desemba 1954, katika mji wa Boston, Marekani, Dkt. Joseph Murray na wenzake walichukua figo ya Ronald Herrick wakampandikiza pacha wake, Richard. Kwa kuwa walikuwa pacha wa kufanana, mwili wa Richard haukuikataa figo ile. Richard aliishi miaka minane zaidi, akafariki mwaka 1963. Ronald, aliyebaki na figo moja, aliishi mpaka mwaka 2010. Mwaka 1990 Dkt. Murray alipewa Tuzo ya Nobel.

Kwa wasio pacha kazi ilikuwa ngumu, maana mwili hupigana na kitu kigeni. Katika miaka ya 1980 dawa ya siklosporini ilianza kutumika sana, na matokeo yakawa mazuri kuliko zamani. Lakini kumbukeni: aliyepandikizwa hula dawa za namna hii kila siku muda wote figo ile inapofanya kazi.

Hapa Tanzania, kwa miaka mingi mgonjwa alilazimika kusafiri nje ya nchi, hasa India, pamoja na ndugu wa kumtolea figo. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza. Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapa hapa Dodoma, nayo ilianza, ikisaidiana na madaktari wa Tokushukai kutoka Japani. Kwa hiyo jambo hili si habari ya mbali tena.

3. Anayepokea anapata nini?

Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wao. Waliwalinganisha wagonjwa waliopandikizwa figo za marehemu na wenzao waliokuwa bado wakisafishwa damu huku wakingojea zamu yao. Siku za mwanzo baada ya upasuaji, waliopandikizwa walikuwa katika hatari zaidi. Lakini baada ya muda mrefu hatari yao ya kufa ilikuwa ndogo kuliko ya wenzao kwa asilimia 48 hadi 82, kwa kutegemea hali ya mgonjwa. Tena imeonekana kwamba figo inayotoka kwa mtu aliye hai kwa kawaida hudumu zaidi kuliko ya marehemu.

Hata hivyo, figo hiyo haidumu milele. Yaweza kukataliwa na mwili, au kuchoka baada ya miaka. Anayeacha dawa kwa sababu anajisikia mzima anaipoteza zawadi ya nduguye.

4. Anayetoa anabaki na hatari gani?

Hapa ndipo familia nyingi hazisemi kweli. Wengine husema hakuna hatari yo yote. Wengine husema mtoaji atakufa mapema. Wote wawili wanakosea.

Mwaka 2009 watafiti wa Minnesota, Marekani, walitoa habari za watu 3,698 waliotoa figo kati ya mwaka 1963 na 2007. Walionekana kuishi muda kama watu wengine tu, na 11 kati yao ndio waliofikia hali ya figo kushindwa kabisa. Habari hiyo iliwafurahisha wengi.

Lakini tufikiri kama wakulima. Ukichagua masuke bora ya mtama kwa ajili ya mbegu, si haki kuyapima kwa shamba zima lenye masuke mabovu. Yalinganishe na masuke mengine bora. Watoaji figo ni watu waliochaguliwa kwa afya njema, basi yapasa walinganishwe na wenye afya njema wenzao.

Ndivyo ilivyofanyika katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2014, uliohusu watoaji 96,217 wa Marekani. Ilikadiriwa kwamba katika kila watoaji 10,000, 90 watapata ugonjwa wa figo kushindwa kabisa maishani mwao. Katika watu 10,000 wenye afya njema wasiotoa, ni 14. Na katika watu 10,000 wa kawaida, wazima na wagonjwa pamoja, ni 326. Maana yake, hatari inaongezeka kweli, lakini bado ni ndogo.

Kwa akina mama vijana kuna jambo jingine. Uchunguzi wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba shinikizo la damu au kifafa cha mimba kinachoanza kilitokea katika asilimia 11 ya mimba za wanawake waliotoa figo, na asilimia 5 kwa wasiotoa. Wengi walijifungua salama, lakini wanahitaji kliniki kwa uangalifu. Yule binti wa mfano wetu ana haki ya kuambiwa neno hili kabla ya kujibu.

Tusisahau kwamba watu hao walichunguzwa katika nchi ambazo mtoaji hupimwa kwa urahisi. Mtoaji wetu anayekaa mbali na hospitali anahitaji msaada zaidi ili apimwe shinikizo la damu, mkojo na damu kila mwaka.

5. Zawadi haitolewi kwa kulazimishwa

Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, pasipo kushurutishwa (2 Wakorintho 9:7). Alikuwa akisema juu ya mchango wa fedha. Je, si zaidi sana kwa kiungo cha mwili? Asiyetaka kutoa asiitwe mchoyo wala mkosa imani. Kuuza figo nako ni makosa. Azimio la Istanbul la mwaka 2008 lililaani biashara hiyo, ambayo huwanyonya maskini.

Wengine huuliza, "Je, atakayezikwa na figo moja atafufuliwa mzima?" Mungu aliyemfanya mtu kwa mavumbi hashindwi na figo moja. Hofu hiyo isimzuie mtu ye yote.

6. Wajibu wetu sisi wengine

Baada ya upasuaji mtoaji hatakiwi kuinua mizigo mizito kwa majuma kadhaa. Huku kwetu mvua ni moja tu kwa mwaka. Akilala wakati wa kulima, nyumba yake italala njaa. Nani atamlimia? Nani atamchotea maji, na kumpa nauli ya kurudi kliniki? Mara nyingi twamzunguka mgonjwa kwa zawadi na nyimbo, naye mtoaji twamsahau kitandani. Tukimwomba mtu mmoja atoe figo, sisi tuliobaki na zote mbili tutoe jembe letu.

Tena kila mmoja wetu apime shinikizo la damu na sukari. Figo iliyolindwa haihitaji kuombwa kwa ndugu.

Maswali ya kujadili nyumbani na katika vikundi

1. Kwa nini uchunguzi wa mwaka 2009 na ule wa mwaka 2014 hupata majibu tofauti, ingawa vyote viwili ni vya kweli?
2. Katika ukoo wenu, ni nani huonewa haya kusema "hapana"? Mtamlindaje?
3. Kama mtu wa mtaa wenu angetoa figo mwezi wa Desemba, mngegawanaje kazi za shamba lake?