Tarakilishi ya Biti Nane: Somo la Kujiundia Mwenyewe

Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Muhula wa kwanza mwenzangu mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza, "Hebu nambie, tarakilishi ikishawashwa yajuaje pa kuanzia?" Nikamjibu kwa maneno ya kitabuni. Akacheka. "Hayo umeyakariri tu, hujayaelewa. Tena mambo haya hayaelezeki kwa Kiswahili." La kwanza alisema kweli, la pili nikalikataa. Makala haya ni jibu langu kwa yote mawili.

1. Biti nane ni nini?

Biti ni tarakimu moja tu, 0 au 1. Yaani waya hauna umeme au unao. Prosesa ya biti nane hubeba tarakimu nane kwa mkupuo mmoja, kwa hivyo nambari zake huanzia 0 hadi 255. Simu nyingi za leo ni za biti 64, lakini ukiifungua simu huoni kitu cha kujifunzia. Kila kitu kimefungiwa ndani ya chipu moja. Prosesa za zamani zina miguu 40 ambayo waweza kuigusa mmoja mmoja kwa mita.

Mbili ndizo zilizovuma sana. MOS Technology ya Marekani ilitoa 6502 mwaka wa 1975, na Zilog ikatoa Z80 mwaka wa 1976. Zilog iliasisiwa na Federico Faggin, ambaye kabla ya hapo alikuwa miongoni mwa waliobuni chipu ya 4004 ya Intel, mwaka wa 1971. Tarakilishi ya BBC Micro ya 1981 ilitumia 6502, nayo ZX Spectrum ya 1982 ikatumia Z80. Mnamo 2024 Zilog ilitangaza kukomesha utengenezaji wa Z80 ya miguu 40. Zilizobaki ni za akiba na za vyuma chakavu. Yangu nilipewa na ami mmoja, fundi wa redio wa Mji wa Kale karibu na Ndia Kuu, aliyeitoa kwenye bodi ya mashine kuukuu. Miguu yake ilikuwa imeota kijani kwa chumvi ya bahari. Nikaisugua kwa raba ya kufutia mpaka ikang'aa.

2. Njia za anwani na njia za data

Fikiria hamali na mkokoteni wake katika vichochoro vya Mji wa Kale. Lazima ajue mambo matatu: nyumba gani, mzigo gani, na kama anapeleka au anachukua. Prosesa nayo ni hivyo hivyo. Ina njia 16 za anwani (A0 hadi A15) za kutaja nyumba, njia 8 za data (D0 hadi D7) za kubeba mzigo, na miguu ya RD na WR ya kusema "soma" au "andika". Njia 16 zatoa anwani 65,536, kwa kuwa kila njia ukiongeza, idadi hujizidisha mara mbili.

Sasa swali la mwenzangu. Z80 ikishatulizwa kwa mguu wa RESET, huanza daima na anwani 0. Kwa hivyo kumbukumbu isiyofutika umeme ukipotea (ROM) lazima ikae chini, mwanzoni. 6502 yenyewe hutazama kwanza anwani mbili zilizo karibu na za juu kabisa, FFFC na FFFD, isome humo pa kuanzia. Kwayo ROM hukaa juu. Bas, hiyo ndiyo siri yote.

3. Jaribio la kwanza: prosesa bila kumbukumbu

Kabla ya kununua kumbukumbu, hakikisha prosesa i hai. Katika lugha ya Z80, amri ya nambari 0 maana yake ni "usifanye kitu, nenda mbele". Ukiziunganisha njia zote nane za data na upande hasi, kila anwani prosesa isomayo huikuta 0, nayo itahesabu anwani moja baada ya nyingine. Fanya hivi:

(a) Tumia volti 5 za chaja ya simu: chanya mguu wa 11, hasi mguu wa 29.
(b) Kila njia ya data ipitishie rezista ya ohm 10,000 hadi hasi.
(c) Miguu ya 16, 17, 24 na 25 iunganishe na chanya kwa rezista kama hizo. Ukiiacha ikining'inia, prosesa hukatizwa ovyo.
(d) Mapigo yaingie mguu wa 6. Mimi nilitumia chipu ya 555, mapigo 10 kwa sekunde.
(e) Weka taa ndogo nyekundu kwenye njia za anwani, kila moja na rezista ya ohm 2,200. Hapa ndipo Sheria ya Ohm hufaa: volti 5 utoe 1.8 za taa zabaki 3.2, gawa kwa 2,200, wapata kama miliampea 1.5, mzigo ambao prosesa yaumudu.
(f) RESET (mguu wa 26) ishikilie chini kwa mapigo matatu au zaidi, kisha iachilie.

Tahadhari! Soma maandishi ya juu ya chipu. Ikiwa Z84C00, ile herufi C yaonyesha ni ya aina ya CMOS, na mapigo ya polepole haiyadhuru. Z80 kongwe isiyo ya aina hiyo husahau ikienda polepole mno, nawe utadhani imekufa.

4. Kosa langu

Taa saba za kwanza zilihesabu vizuri. Ya nane, A7, ilipofika zamu yake baada ya sekunde 51 hivi, iliwaka na kuzima, ikawaka na kuzima. Nikaitilia lehemu upya mara tatu, na mara ya tatu nikaunguza ubao. Nikampelekea fundi.

"Ami, taa ya nane ni mbovu."

"Yuwazima kwa kipimo?"

"Naam, nusu yawaka, nusu yazima."

"Basi si mbovu. Kibovu hakina kipimo, mwanangu. Soma kitabu chake."

Nikasoma. Kumbukumbu za bei nafuu za zama zile zilisahau upesi zisipozinduliwa. Z80 hufanya kazi hiyo yenyewe: kila amri hii huchukua mapigo manne, na katika mawili ya mwisho hutoa nambari ya kuzindulia kwenye njia saba za chini. Nambari hiyo huanza na 0 na kwenda sambamba na hesabu, ndiyo maana sikuona tofauti katika A0 hadi A6. Njia za juu wakati huo huwa 0, kwa hivyo A7 huzima nusu ya muda. Prosesa ilikuwa sawa. Mbovu ilikuwa elimu yangu.

5. Hatua ifuatayo

Nitagawa anwani nusu kwa nusu kwa njia ya A15: ikiwa 0 huitwa ROM, ikiwa 1 huitwa RAM, kila moja baiti 32,768. Programu ya kwanza itakuwa baiti tano tu: 3E 55 D3 00 76. Yaani: chukua nambari 55, itoe nje kwa mlango 00, simama.

Zoezi

1. Kwa mapigo 10 kwa sekunde, Z80 yangu itamaliza anwani zote kwa muda gani? (Jibu: karibu saa 7 na dakika 17.)
2. Je, kwa mapigo 4,000,000?

Mwenzangu, nimejibu. Sasa zamu yako kuuliza jingine.