Oili ya Datsun 240Z ya Zamani

SWALI: Msomaji wa Rugu, wilayani Karagwe, anauliza ni oili gani inayofaa injini na giaboksi ya Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973.

JIBU: Katika injini hiyo roka husuguana na kamshafti moja kwa moja bila rola, na kinachozilinda ni mchanganyiko wa zinki na fosforasi, ambao katika oili nyingi za petroli za siku hizi umepunguzwa ili usiharibu kichujio cha kemikali cha ekzosi, kifaa ambacho 240Z haikuwa nacho. Kwa kuwa Karagwe haina baridi ya kugandisha, 20W-50 ya madini inatosha, mradi kopo litaje kiwango cha zinki. Ikikosekana, oili ya malori ya 15W-40 yenye alama CI-4 ni mbadala mzuri kuliko wengi wanavyodhani.

Giaboksi ndiyo huharibiwa zaidi kwa kukosea. Sinkronaiza, yaani pete zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, ni za shaba ya manjano, na salfa nyingi iliyomo katika oili ya daraja la GL-5 huweza kuila. Kwa hiyo inatakiwa GL-4 ya 80W-90. GL-5 iachiwe difu, ambako meno huteleza kwa mgandamizo mkubwa. Kopo lililoandikwa "90" pekee halifai kununuliwa, kwani namba hiyo hueleza uzito tu, si daraja.