Kufuta Visanduku vya Ziada vya Taarifa za Wateja kwa Mpigo

Mtu akishuka Kitengela kando ya barabara ya Namanga na kuuliza bei ya ploti, mara nyingi huandikishwa kabla hajaonyeshwa hata ramani. Jina, simu, namba ya kitambulisho, kazi anayofanya, wakati mwingine hata dini. Taarifa hizo huingizwa katika programu ya kusimamia wateja na kukaa humo miaka, hata kama hakununua chochote.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba mwaka huo, inamtaka anayekusanya taarifa za watu achukue zile tu anazohitaji kwa kazi aliyoitaja, na asikae nazo kupita muda unaohitajika. Mwananchi anaweza kuomba zake zifutwe, na kanuni za 2021 zinampa mfanyabiashara siku 14 za kujibu. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kutegemea ipi ni ndogo. Wapo wanaodhani biashara ndogo haihusiki. Ni kweli kwamba yenye wafanyakazi chini ya 10 na mauzo yasiyofika milioni 5 kwa mwaka hailazimiki kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, lakini uuzaji wa ardhi umetajwa wazi kati ya kazi zisizopata msamaha huo. Tena, kusamehewa usajili si kusamehewa sheria.

Basi tuchukue mfano wa ofisi ya ploti yenye wateja 3,000 kwenye programu. Kila aliyewahi kufanya kazi hapo aliongeza visanduku vyake: “Kitambulisho”, “ID No”, “Dini”, “Ploti”, “Ploti 2”. Sasa viko zaidi ya 50. Kuvifuta kimoja kimoja kwa kubofya kunachosha, na ndiyo sababu kijana wa kompyuta hutumia API, yaani mlango ambao programu moja hupitia kuzungumza na nyingine. Anaomba orodha ya visanduku, kisha anaandika amri fupi inayovifuta kwa zamu.

Hatari iko hapa. Kufuta kisanduku si kufuta jina lake pekee. Kilichoandikwa ndani yake huondoka kwa wateja wote 3,000 mara moja, na katika programu nyingi hakirudi. Kama “Ploti 2” ndiyo iliyokuwa na namba za ploti za waliolipa nusu ya bei huko Isinya, ofisi imepoteza kumbukumbu ya nani alilipia nini, na wanunuzi wamebaki na risiti zao tu.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kutoa nakala ya taarifa zote na kuifungua kuhakikisha inasomeka. Nakala isiyofunguka si nakala. Kisha kila kisanduku kihesabiwe: ni wateja wangapi wana kitu ndani yake? Kisicho na kitu hakina mjadala. Chenye kitu kiulizwe kwa watu wa mauzo na wa hesabu, si kwa kijana wa kompyuta peke yake. Ikaguliwe pia kama kuna fomu au ujumbe mfupi wa kukumbusha malipo unaokitegemea.

Kisanduku cha kitambulisho kina ugumu wake. Aliyekuja kuuliza bei tu hana sababu ya kubaki humo. Aliyenunua ni tofauti, kwani sheria ya taratibu za kodi inataka kumbukumbu za biashara zitunzwe miaka 5, na makubaliano ya mauzo yanahitaji namba hiyo. Kufuta kisanduku kizima kungewagusa wote wawili. Hapo njia sahihi ni kukiacha kisanduku na kutuma amri inayofuta kilichomo kwa wale wasionunua pekee, au kwanza kuhamishia namba za wanunuzi kwenye faili zao za mauzo.

Amri yenyewe itumie namba ya utambulisho ya kisanduku, si jina, maana majina hufanana. Ijaribiwe kwa kisanduku kimoja, kisha watu watazame wateja wachache kwa macho. Programu nyingi hukataa maombi mengi kwa haraka na kujibu 429. Hiyo ina maana subiri kidogo, uendelee. Jibu la 404 humaanisha kisanduku hakipo, pengine kilishafutwa. Jibu la 401 ni ufunguo usiokubaliwa. Kila jibu liandikwe kwenye daftari la kazi, ili amri ikikatika kwa sababu ya stima ijulikane iliishia wapi. Ufunguo wa API nao ubatilishwe kazi ikiisha, hasa ikiwa kijana huyo si mwajiriwa.

Inabaki ile nakala ya mwanzo. Ina kila namba ya kitambulisho iliyokusudiwa kufutwa, na kwa kawaida imelala kwenye kompyuta ya mapokezi au imetumwa kwa WhatsApp ya mtu. Ifungwe kwa nywila, iwekewe tarehe ya kuharibiwa baada ya hesabu kulingana, na jina la mtu mmoja wa kuiharibu liandikwe. Mteja aliyeambiwa taarifa zake zimefutwa, kisha akapigiwa simu kutoka nakala hiyo, anaweza kupeleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo sheria inaipa siku 90 kuyachunguza na kuyaamua.