Somo la Miripuko ya Redio na Ushahidi wa Darubini

Mtu asimamaye usiku Usoke, magharibi ya Tabora, katika nchi ya Unyamwezi iliyopitwa zamani na misafara ya kwenda Ujiji, huziona nyota kwa wingi kuliko azionavyo mtu wa bandarini penye taa. Lakini liko jambo lipitalo mbinguni asiloweza kuliona, hata awe na macho makali namna gani: nalo ni mripuko wa mawimbi ya redio, udumuo sehemu chache tu za elfu ya sekunde, kisha ukatoweka.

Wa kwanza ulitangazwa mwaka 2007, nao ulikuwa umepokewa mwaka 2001 na antena ya Parkes, Australia. Wengi walisita, na walikuwa na haki. Kwani antena hiyo ilipokea pia ishara nyingine za kufanana nao. Mwaka 2015 ikathibiti kwamba ishara hizo zilitoka katika jiko la umeme la kupashia chakula, mlango wake ukifunguliwa kabla ya kazi kwisha. Zikatupwa za jikoni, ikabaki ya mbinguni.

Suala: Ikiwa antena imekwisha kupokea, darubini ni ya nini?

Jawabu: Asikiaye mzinga wa Ramadhani hupata khabari, lakini kadhi humtaka aliyeuona mwezi. Basi na antena hutoa khabari, na darubini hutakiwa ushahidi. Mripuko uliopokewa Arecibo mwaka 2012 ulionekana baadaye kuwa ni wa kurudiarudia. Mahali pake palipojulikana, darubini ya Gemini iliyoko Hawaii ikaonyesha galaksi ndogo, umbali wa kiasi cha miaka bilioni 3 ya mwendo wa nuru. Khabari hiyo ilitangazwa mwaka 2017. Nyumba ikajulikana.

Ama mwanga wake, mwaka huo huo ilitangazwa kwamba darubini ya Thailand, yenye kioo cha mita 2.4, ilitazama pamoja na antena ya Effelsberg, Ujerumani. Antena ikapokea mara 13. Darubini isione kitu.

Mwaka 2018 ikafunguliwa MeerLICHT huko Sutherland, Afrika Kusini, darubini ya kioo cha sentimita 65. Hiyo imewekwa kutazama upande ule ule zinakoelekea antena 64 za MeerKAT. Kwani angojaye khabari ndipo afumbue jicho, amekwisha kuchelewa.

Mafunzo: Kutoonekana si kutokuwapo, wala kupokewa si kuthibiti. Na mwanachuoni asemaye, "Sikuona," hali ametazama kwa haki, ametoa elimu. Kwani amejulisha kwamba mwanga huo, ukiwapo, ni mdogo kuliko kipimo chake. Wallahu aalam.