Somo la Vuli: Usalama Nyumbani na Njiani

Somo hili limekusudiwa makatibu wa vyama vya msingi na wanachama wao, hasa walioko katika sehemu zenye misimu miwili ya mvua: mikoa ya kaskazini, pwani ya kaskazini na visiwa, na ukanda wa Ziwa Viktoria. Huko vuli hunyesha baina ya Oktoba na Desemba, na masika baina ya Machi na Mei. Masika huogopwa kwa kuwa ni marefu. Vuli hudharauliwa kwa kuwa ni fupi. Dharau hiyo haina msingi. Vuli za miaka ya 1961, 1997, 2019 na 2023 zilipita kiasi katika Afrika Mashariki, zikavunja madaraja na kufunika mashamba. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliteremkia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha.

Jambo hili lahusu ushirika kwa sababu moja iliyo wazi: vuli huyakuta mazao yangali njiani. Katika sehemu za kahawa za Kilimanjaro na Meru uchumaji huanza katikati ya mwaka, na aghalabu mvua huingia kahawa ya mwisho ingali kwenye vichanja au ghalani, ikingoja lori la kuipeleka kukobolewa. Ndipo haraka inapoanza, na haraka hiyo ndiyo yenye kuua.

Na uchukuliwe mfano wa chama ambacho paa la ghala lake lina matundu. Ndani mna magunia 120 ya kahawa iliyokaushwa vema, unyevu wake asilimia 10 hadi 12 kama itakiwavyo. Saa nane mchana wingu linatanda mlimani. Katibu anajua kwamba kahawa ikilowa itaota ukungu na daraja lake litashuka. Anajua kadhalika kwamba siku ya malipo wanachama watamwuliza yeye, wala hawataliuliza paa. Basi anaagiza lori lipakiwe upesi. Dereva anaondoka saa kumi na moja jioni, na wanachama wanne wamekaa juu ya magunia ili wafike mjini bila kulipa nauli. Wanapofika mtoni, maji yamekwisha kufunika drifti, yaani kile kivuko cha zege kilichojengwa chini ili mto upite juu yake. Dereva akirudi, kahawa italowa ghalani. Akingoja, giza litamkuta. Akivuka, labda atavuka.

Baada ya ajali watu husema kwamba dereva alikuwa mzembe. Huenda. Lakini uzembe wenyewe ulianza mwezi wa Agosti, siku bodi ya chama ilipoahirisha ununuzi wa mabati. Chama chenye ghala kavu, magunia yaliyopangwa juu ya vichanja mbali na sakafu na ukuta, na turubai lisilo na tundu, kinaweza kumwambia dereva wake angoje hata siku tatu. Chama chenye ghala linalovuja hakina uwezo wa kusema hivyo, hata kikiwa na mikutano mingi ya usalama.

Yafaa kila mwanachama aelewe nguvu ya maji yaendayo kasi, maana macho hudanganya. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000. Mwendo wake ukiongezeka maradufu, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne. Maji ya kina cha sentimeta 15 tu, yakienda mbio, yaweza kumwangusha mtu mzima. Ya sentimeta 30 yaweza kuliinua gari dogo. Na ya sentimeta 60 huyachukua magari mengi. Gari haliangushwi kwa kusukumwa peke yake. Maji huliinua kwanza, magurudumu yakapoteza mshiko, na tangu hapo usukani na breki havina kazi. Dereva wa lori lililosheheni hujiona salama kwa sababu ya uzito wake, na hapo ndipo anapokosea kwa namna nyingine: chini ya maji yenye matope haonekani kama zege bado lipo au limekwisha kuchimbwa na mto.

Tarehe 4 Desemba 2021, katika mto Enziu karibu na Mwingi, Kaunti ya Kitui nchini Kenya, basi lililowachukua wanakwaya waliokuwa wakienda arusini liliingia kwenye daraja lililofunikwa na maji. Lilisukumwa likazama mbele ya macho ya watu waliosimama ukingoni, na abiria zaidi ya 30 walikufa.

Mito ya mlimani ina hila nyingine. Mvua hunyesha juu msituni, ilhali tambarare jua linawaka. Mto hufurika penye mchanga mkavu bila tone moja kuanguka hapo. Hapa ushirika una faida ambayo mtu mmoja hana. Chama kilicho juu na chama kilicho chini vyaweza kupatana kwamba mvua kubwa ikinyesha juu, katibu wa huko ampigie simu mwenzake wa bondeni mara moja. Gharama yake ni ya simu moja. Kisha bodi iandike katika daftari la kumbukumbu kanuni fupi: maji yakiwa juu ya drifti, hakuna avukaye, na dereva anayengoja hatakatwa malipo wala kulaumiwa. Bila maneno hayo ya mwisho kanuni haina uzito, kwa kuwa dereva humwogopa mwenye mzigo kuliko anavyouogopa mto. Na abiria wasipande juu ya shehena kabisa. Lori likiinama kidogo tu kwenye utelezi, wao ndio watanguliao kuanguka na magunia hufuata.

Kwa waendesha pikipiki, siku ya hatari zaidi ni ya mvua ya kwanza. Mafuta na vumbi vya kiangazi kizima huchanganyika na maji kidogo, na lami huwa kama imepakwa sabuni mpaka mvua nyingi ziioshe. Mwendo upunguzwe na nafasi baina ya vyombo iongezwe maradufu. Katibu atumwaye benki kwa bodaboda siku hiyo hana sababu ya kumhimiza kijana aharakishe.

Nyumbani nako vuli huja na hatari isiyopiga kelele. Jioni za baridi na mvua, jiko la makaa huingizwa chumbani na milango hufungwa. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hujishika na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Makaa yaliyoacha kutoa moshi hudhaniwa kuwa salama. Sumu yaendelea kutoka. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na kwa kuwa vuli ni wakati wa malaria pia, wengi hudhani ni homa. Watu wote wa nyumba moja wakiumwa kichwa jioni moja, nao wakapata nafuu wakitoka nje, jiko lishukiwe kwanza. Watolewe nje wote, milango ifunguliwe, na waliolegea wapelekwe hospitali bila kukawia.

Kuhusu radi, banda la wazi la kupokelea mazao halimkingi mtu, wala mwembe ulio kando yake. Sauti huchukua sekunde 3 hivi kwenda kilometa moja. Mmweko na ngurumo vikiachana kwa sekunde zisizofika 30, upimaji usimamishwe, watu waingie katika jengo lenye kuta au ndani ya gari la bati lililofungwa vioo, na wasitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Aguswe bila hofu, na kama hapumui asaidiwe papo hapo. Maji ya kunywa yachemshwe, chandarua kitumike: hayo yamekwisha kufundishwa mara nyingi.

Makatibu wanaombwa kulisoma somo hili katika mkutano kabla ya Oktoba, kisha wanachama wajadili maswali haya. Ghala la chama linavuja mahali pangapi, na bei ya mabati yanayohitajika ni kiasi gani? Ni nani mwenye namba ya simu ya katibu wa chama kilicho juu ya mto? Je, dereva aliwahi kukatwa malipo kwa kuchelewa, na ilikuwa mvua gani? Na mlinzi wa ghala, ambaye usiku wa mvua hujifungia ndani na magunia, amepewa blanketi na koti, au ameachiwa jiko la makaa?